Rozari moja, vitumbua 35

Na Mwandishi Wetu

UMEME umekatika tangu saa nane usiku, lakini jikoni kwa shangazi yangu, Tabata, hilo halibadilishi kitu. Mkaa umeshashika. Chuma cha vitumbua kiko jikoni, matundu yake saba yanang'aa mafuta. Mchele ulilowekwa tangu jana mchana, ukasagwa pamoja na nazi na iliki, ukatiwa hamira na kulala umefunikwa sahani. Saa kumi na moja alfajiri umeumuka mpaka umeinua sahani.

Mkono wake wa kulia umeshika upawa. Wa kushoto umo ndani ya pindo la kanga, na asiyemjua angedhani anatafuta chenji. Ni rozari.

Anamimina huku akisali Baba Yetu, kuanzia tundu la kwanza hadi la saba. Kisha Salamu Maria zinaanza. Ikifika ya sita anachukua spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, anavigeuza kimoja kimoja, na sauti haipandi wala haishuki. Ya kumi ikiisha, vinaopolewa. Kumi moja, chuma kimoja. Kwa kuwa rozari ina makumi matano, rozari moja ni vitumbua 35. Yeye huuza 70 kwa siku. Nusu ya pili, alinieleza bila aibu, ni ya Redio Maria na habari za mtaa.

Nilimwamkia nilipoingia. Marahaba yangu niliipata baada ya kumi la pili.

Mhariri alikuwa amenituma niandike kuhusu Wakristo wanakopata utulivu siku hizi za presha: ada za shule, mikopo ya simu, vijana wenye vyeti wanaoshinda vijiweni, taarifa za habari ambazo mtu huzizima kabla hazijaisha. Alitarajia niende kwenye mkutano mkubwa wa maombezi, wenye maspika na watu wanaoanguka. Huko nilikwenda, na nitaeleza. Lakini nilianzia Tabata kwa sababu ninamfahamu mtu mmoja tu ambaye sijawahi kumwona akipaparika, na mtu huyo hupika vitumbua.

Mwezi wa Tunduma

Si kwamba hana cha kumhangaisha. Mwanawe wa kwanza, binamu yangu, ni dereva wa lori. Hupakia bandarini Dar es Salaam, hupita Tunduma, huvuka Zambia hadi Lubumbashi. Mwanamke mwenye mtoto kwenye barabara ile hujifunza mapema kutouliza simu inapokaa kimya.

Mei 2020 ilikuwa nyingine. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alikuwa ametangazwa Arusha Machi 16. Kati ya Aprili 17 na 19 Rais Magufuli aliitisha siku tatu za maombi ya taifa, na nyumba za ibada zikabaki wazi. Kisha Zambia ikafunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma, baada ya maambukizi kuongezeka upande ule. Malori yakapangana. Binamu yangu alikuwa ndani ya mojawapo, na chaji ya simu ikawa ya kubembeleza.

Kanisani hakukufungwa, lakini hakukuwa kule shangazi alikokuzoea. Ndoo za kunawia zilikaa mlangoni, maji ya baraka yakaondolewa, na kutakiana amani kwa kushikana mikono kukawa kuinamiana kwa mbali. Wenzetu wa Kenya walikuwa na mtihani mkubwa zaidi. Makanisa yao yalifungwa Machi, na yalipofunguliwa Julai 14 masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Soma tena hiyo namba ya mwisho. Wale akina mama wazee wanaokalia mabenchi ya mbele, waliodeki kanisa miaka 30, ndio walioambiwa wabaki nyumbani.

Walibaki na kile walichokuwa nacho jikoni.

Machi 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa makadirio kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga lile, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Shangazi hakuhesabiwa na mtu. Ninachojua ni kwamba mwezi ule wa Tunduma aliamka saa kumi na nusu kila siku, na wateja wake wa bodaboda hawakukosa vitumbua hata asubuhi moja. Nilipomuuliza kama alikuwa na amani, alinitazama kama niliyeuliza kama mvua ina miguu. Hakuwa na amani, alisema. Alikuwa na rozari. Amani ilikuja baadaye, na siku nyingine haikuja kabisa, na vitumbua vikaiva vilevile.

> "Hakuwa na amani, alisema. Alikuwa na rozari."

Mama, unasali au unahesabu?

Katika nyumba hiyohiyo anaishi mpinzani wake mkuu. Mke wa binamu, shemeji yangu, ameokoka na anasali kanisa la Kipentekoste. Ijumaa usiku yuko kwenye mkesha, Jumamosi anarudi macho mekundu na uso mweupe kwa furaha. Wanapendana na mama mkwe wake, wanasukana nywele, na juu ya jambo hili moja hawajawahi kupatana.

Hoja yake si nyepesi. Neno mazoea lina sifa mbaya katika Kiswahili tangu zamani. Wahenga walishasema mazoea yana taabu. Mimbarani limekuwa tusi kabisa: dini ya mazoea, ibada za mazoea, umemzoea Mungu. Shemeji anaamini sala inapaswa kutoka kifuani, na majina na machozi yake, siyo kukaririwa huku jicho likiangalia mafuta yasiungue. Yesu mwenyewe, anakumbusha, aliwaonya wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Siku moja aliuliza waziwazi:

"Mama, ukivigeuza pale, unamwomba Mungu au unahesabu vitumbua?"

"Vyote."

"Lakini mama, mara hamsini maneno yaleyale!"

"Mwanao anaita mama mara ngapi kwa siku? Umewahi kumwambia anakariri?"

Shemeji alicheka, lakini hakukubali, na mimi sikuona kwa nini akubali. Upande wake una historia nzito katika eneo letu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, alikofanya kazi tabibu Mwingereza Joe Church, kulizuka moto uliokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikuwa wamekutana Kampala mwaka 1929, na walichokililia wote wawili ndicho anachokililia shemeji: watu waliobatizwa, wenye majina ya Kizungu na viti vyao kanisani, ambao imani yao iliishia Jumapili saa sita mchana.

Watu wa Uamsho waliungama hadharani. Walirudisha vitu vya wizi. Wakaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na wakati wa Mau Mau wengine wao waliuawa kwa kukataa kula kiapo. Huwezi kuwaambia watu hao kwamba mazoea yanatosha.

Ila angalia walichoacha. Salamu ileile kila mlango, Bwana asifiwe. Mkutano wa ushirika siku ileile ya wiki. Wimbo mmoja wa Kiganda, Tukutendereza, unaoimbwa na watu wa Kiambu na Dodoma wasiojua neno lingine hata moja la lugha hiyo. Waliovunja mazoea walijenga mazoea, na ndiyo yaliyowashika baada ya moto kupoa. Nilimwambia shemeji hivyo. Alisema nitajibu mwenyewe mbele za Mungu.

Danieli hakuanza siku ile

Kisa cha Danieli na simba kila mtoto wa Shule ya Jumapili anakijua, ila tunaruka sehemu nzuri. Amri ya mfalme ilipotiwa sahihi, kwamba asiombwe mungu wala mtu yeyote ila mfalme kwa siku 30, Danieli alipanda chumbani kwake, madirisha yameelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku. Mwandishi anaongeza maneno machache: ndivyo alivyokuwa akifanya tangu mwanzo. Hatari haikumfundisha kusali. Ilimkuta yuko kwenye ratiba.

Luka naye, anaposimulia usiku ambao Yesu alifadhaika mpaka jasho likamtoka kama damu, anasema alikwenda mlima wa Mizeituni kama ilivyokuwa desturi yake. Desturi. Hilo ndilo neno la mazoea lililovaa suti. Yuda alijua pa kumpata kwa sababu hakuwa mtu wa kubadili mahali pa kusalia.

Jumanne niliyokwenda Tabata ilikuwa siku ya matendo ya uchungu, na kumi la kwanza ni hilohilo, bustani na jasho. Shangazi hulipitia kila Jumanne na Ijumaa, vitumbua saba vya kwanza vikiwa kwenye moto.

Wakatoliki wana ratiba zao, lakini si peke yao. Kengele ya Malaika wa Bwana hugonga saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni, na Peramiho, abasia ya Wabenediktini iliyoanza 1898, watawa huacha jembe na vitabu kwenda masifu. Lakini waliofanya jambo hili liwe la kila nyumba ni Wamoraviani. Mei 3, 1728, katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, bwana mkubwa Zinzendorf aliwapa watu wake neno moja la kushika kesho yake, na tangu hapo likawa linapelekwa kila asubuhi nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha mafungu ya mwaka mzima kilikuwa cha 1731. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, na kitabu kile bado hutoka kila mwaka, kwa lugha zaidi ya 50.

"Neno la leo" linaloingia kwenye simu yako kabla hujapiga mswaki ni kitukuu cha Herrnhut. Tofauti ni kwamba Zinzendorf hakumtishia mtu kuwa asipolituma kwa watu kumi atapata msiba. Kutumiana vitisho hivyo nako ni mazoea, na hapo nakubaliana na shemeji moja kwa moja: mazoea yanayoendeshwa na hofu huongeza hofu.

Nina rafiki Mpare, Msabato, mwenye duka la vipuri. Wasabato waliingia Upareni mwaka 1903, na kituo chao cha kwanza Wajerumani walikiita Friedenstal, yaani bonde la amani. Rafiki yangu huanza siku na kitabu cha Kesha la Asubuhi, ukurasa mmoja, akiwa amesimama. Ila kinachomponya, anasema, ni Ijumaa. Saa kumi jioni shuta inashuka. Jua likizama familia iko sebuleni kufungua Sabato, simu ziko kabatini. Wanaomdai wameshajua. Kuna saa 24 kwa wiki ambazo deni halijui anakoishi.

> Kuna saa 24 kwa wiki ambazo deni halijui anakoishi.

Barua ya benki

Sasa kule alikotaka mhariri. Ulikuwa uwanja wa mpira, viti vya plastiki kwa maelfu, maspika mpaka nyuma ya goli. Nilikaa karibu na mama wa makamo aliyeshika bahasha. Muda wa maombi ya mikopo na madeni ulipofika, aliifungua, akatoa barua ya benki, akaiinua juu kwa mikono miwili kama mtoto anayeonyesha daftari. Alilia. Tulipotoka uso wake ulikuwa umelegea, umepumzika kweli, na mimi siwezi kusema hakupata kitu. Barua aliikunja vizuri akairudisha kwenye bahasha. Tarehe ya mwisho ilikuwa bado ni ileile, na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Kwenda mbali kutafuta nafuu ni jambo la kibinadamu. Mwaka 2011 nusu ya Afrika Mashariki ilikuwa njiani kwenda Samunge, Loliondo, kwa Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), kunywa kikombe cha dawa cha Sh500. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilometa, na wapo waliokufa wakingoja. Februari 1, 2020, majuma sita kabla ya korona kutangazwa, watu 20 walikufa uwanjani Moshi kwa kukanyagana, wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako.

Sitawacheka wale 20. Walikuwa na shida za kweli na waliahidiwa jibu la siku moja. Ninachosema ni kwamba aliyewaita hakuwaachia cha kufanya siku ya pili. Sala ya vitumbua haina foleni, haina nauli, na hakuna anayeweza kuifikia kabla yako.

Pumzi sita

Kuna upande wa tatu, ambao hauna haja na ugomvi wa mama mkwe na mkwe. Watu wa afya ya akili wanauliza swali lao: inamsaidiaje mwili?

Jibu mojawapo lilitoka Italia. Mwaka 2001 jarida la tiba la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, waliowapima watu wazima 23 wenye afya njema wakisali Salamu Maria za rozari kwa Kilatini. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Wakati wa rozari, pumzi zilishuka hadi karibu sita, na mapigo ya moyo yakaanza kwenda pamoja na mdundo huo kwa namna ambayo madaktari wa moyo huipenda. Siri ilikuwa urefu wa sentensi. Kwa Kilatini, sala nzima, nusu zake zote mbili, hukamilika ndani ya mzunguko mmoja wa pumzi.

Watu 23 ni wachache, na Kiswahili si Kilatini. Nilimsomea shangazi hata hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hao 23 walipewa chai.

Lakini upande huu una onyo pia, na unastahili kusikika. Kuna mwenzangu kazini aliyekuwa anatumia dawa za sonona. Mhubiri mmoja akamwambia dawa ni kukosa imani, naye akazitupa chooni. Tulimpeleka hospitali baada ya majuma matatu, akiwa halali wala hali. Tatizo letu ni kwamba "Mirembe", jina la hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoko Dodoma, tumeligeuza tusi la kutaniana, kwa hiyo mtu huona ni heri apelekwe uwanjani mara kumi kuliko kliniki mara moja. Rozari haikuundwa kushindana na kidonge. Shangazi ana presha, ile ya damu, na kidonge chake hukimeza baada ya kumi la tano, na kitumbua cha kwanza kilichopoa.

Wewe unakunywa chai?

Nilijaribu mwenyewe. Niliazimia kusali kila siku kabla ya kugusa simu, nusu saa, kwa mpangilio mzuri niliouandika kwenye karatasi. Nilidumu siku nne. Siku ya tano kulikuwa na habari ya dharura, ya sita nilichelewa kulala, ya saba nilijisikia mnafiki nikaacha.

Shangazi aliposikia hakunihubiria. Aliuliza:

"Baba, wewe unakunywa chai?"

"Nakunywa, shangazi."

"Inachemka dakika ngapi?"

Nilikuwa sijui. Sijawahi kusimama pale kuiangalia. Huwa naiacha nikaangalie simu. Ni dakika sita, kwa jiko langu la gesi na sufuria ya vikombe viwili. Tangu hapo nimesimama karibu asubuhi zote. Mara nyingi nafikiria kazi. Mara chache sana, maziwa yakianza kupanda pembeni, nagundua kwamba kwa muda fulani sikuwa nafikiria kitu.

Nilirudi Tabata Ijumaa kuhakikisha hesabu zangu kabla gazeti halijafungwa. Shemeji alikuwa amelala, akijiandaa kwa mkesha. Moshi uleule, kanga ileile, matendo ya uchungu. Simu ya shangazi ikaita juu ya ndoo ya unga. Hakugeuka. Aliniashiria kwa kidevu.

Alikuwa binamu, barabarani karibu na Mpika, Zambia, ambako saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja na kulikuwa bado giza.

"Kaka, mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, anachoma."

"Kumi la ngapi?"

Nikatazama beseni. Vitumbua 21, na saba kwenye moto.

"La nne."

"Aa, basi bado," akasema. "Napiga tena." Akakata.